Wageni Wasiopiga Hodi

Neno "mkato" ni neno tamu. Mwanafunzi aliyechelewa kengele analipenda, mchuuzi mwenye tenga la samaki kichwani analipenda, na mimi niliyemaliza kidato cha nne nikitaka kuwa mwandishi wa riwaya bila kupita chuo chochote, nalo nalipenda vilevile. Katika miaka ya 2010 ilipita kampeni ya kupambana na Ukimwi iliyotuambia kwamba michepuko siyo dili, tubaki njia kuu. Vijiweni tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hatukujua kwamba siku moja tungetamani kuyaandika maneno yale kwenye kibao, tukichomeke mwanzo wa mtaa wetu, madereva wayasome.

Maana, ndugu msomaji, mtaa wetu umegeuzwa mchepuko.

Jina lake nisilitaje. Tosheka kujua kwamba upo Ifakara mjini, nyuma kidogo ya barabara kuu, na kwamba ukiuingia upande huu unatokea upande ule bila kukutana na tuta hata moja. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo balaa lake.

Kabla sijalalamika nitoe shukrani kwanza, nisije nikaitwa mpinga maendeleo. Aliyekulia bonde la Kilombero anajua safari zilivyokuwa. Kiangazi, vumbi la kutoka Kidatu lilikufikisha nyumbani na nyusi nyekundu, mama yako akakutambua kwa sauti tu. Masika, basi lilinasa, wanaume wakashuka kusukuma, wanawake wenye watoto mgongoni wakasubiri pembeni kwenye tope. Anayekwenda Mahenge naye alifika mtoni akakuta foleni ya kivuko. Mto Kilombero haukuwa na haraka na mtu. Mwaka 2016 kivuko kilizama mtoni, na bonde zima likashika tama. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja lenye urefu wa mita 384, likapewa jina la Magufuli, na habari ya kungoja mtoni ikaisha. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua lami ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67. Aisifuye mvua imemnyea. Sisi lami tunaisifu kwa sababu vumbi tulilila.

Lakini barabara ni kama mto. Ukiupanulia njia huko juu, lazima huko chini utafute pa kumwaga maji yake. Sisi watu wa bondeni hilo hatuhitaji kufundishwa. Magari ya Mahenge, ya Lupiro na ya Malinyi, Fuso za mpunga, malori ya magogo ya mitiki, mabasi, Noah, bajaji na pikipiki, yote sasa yanafika mjini kwa kasi ya lami. Yakifika yanakuta barabara kuu ina matuta, ina trafiki, ina wanafunzi wanaovuka, ina baiskeli zenye magunia mawili, ina bajaji zinazogeuka popote abiria aliposema "hapa hapa". Dereva mmoja akachungulia kushoto akaona mtaa wetu umenyooka, mweupe, umetulia. Akaingia. Jioni akamwambia mwenzake. Siri ya dereva haivuki vituo viwili.

Wenzetu wa Sinza na Kijitonyama kule Dar es Salaam nadhani wananielewa. Wao foleni ya barabara kubwa ikikaza, magari yanamiminika hadi kwenye vichochoro vya kuanikia nguo. Sisi tulidhani hayo ni mambo ya jijini. Kumbe mambo ya jijini nayo yanapanda basi.

Sasa nikueleze mtaa wenyewe, uone kinachopitiwa. Upana wake ni watu wanne wakishikana mikono, basi. Asubuhi unafagiliwa, kila mama na kipande kilicho mbele ya mlango wake. Saa tatu turubai zinatandazwa, mpunga unaanikwa, na bibi mmoja anakaa na ufito kufukuza kuku. Mchana wazee wanahamisha bao kufuata kivuli cha mwembe. Jioni ndio uwanja wa chandimu, ndio saluni ya kusukana nywele, ndio meza ya kahawa na kashata. Nyumba zetu ni za vyumba viwili, vitatu. Sebule yetu iko nje. Mtu mwenye geti na ukuta, kwake mtaa ni kitu cha kupita tu akienda kwake. Kwetu sisi, ukitoka mlangoni ndiyo umefika nyumbani.

Kwa hiyo anayepita pale na gari anapita sebuleni kwa watu. Na sebuleni kwa watu, kwa desturi ninayoijua mimi, mtu hupiga hodi. Ataniambia dereva: mbona nilipiga honi? Honi siyo hodi, kaka. Hodi inauliza, tena inangoja iambiwe "karibu". Honi inakuambia ondoka.

Siyo kwamba sisi ni waoga wa vyombo vikubwa. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita hapa Ifakara, na treni ni kubwa kuliko Fuso yoyote. Lakini treni ina njia yake, na tangu wakati huo haijakata kona hata siku moja ikapita uani kwa mtu ili iwahi Mlimba. Mtoto wa Ifakara unamfundisha mara moja tu: ile ni reli, usicheze pale. Je, kuhusu mlango wa kwao tumfundishe nini?

Mwaka jana wakati wa mavuno, mtoto wa jirani mwenye miaka sita alikuwa anaendesha ringi la baiskeli kwa kijiti. Mchezo huo hata wewe umeucheza. Pikipiki iliyokuwa imekwepa barabara kuu ikamgonga, ikayumba, ikanyooka, ikaenda. Mpaka leo hatujui ilikuwa ya nani. Paja la mtoto lilivunjika. Alilala hospitalini wiki nyingi, mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito, na mama yake akawa anakwenda na chungu cha uji asubuhi na kurudi jioni. Tumshukuru Mungu, alirudi anatembea. Ila ringi alimpa mwenzake. Na pale mlangoni kwao pana ubao uliokuwa wa kuzuia kuku wasiingie ndani. Siku hizi unazuia mtoto asitoke.

Miezi michache baadaye akafariki mzee mmoja wa mtaani, fundi baiskeli aliyetuzibia pancha sisi sote tangu tukiwa wadogo. Kwetu msiba ukitokea, turubai linafungwa kukatiza mtaa, kamba moja kwenye mwembe, nyingine kwenye nguzo ya baraza ng'ambo. Wanaume wanakaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, moto unawashwa pembeni. Usiku wa pili, kama saa tano hivi, likaja lori. Taa zake zilitumulika wote kama wezi. Dereva akapiga honi. Tukasema labda hajaona. Akapiga tena, ndefu. Kisha utingo akashuka, akavua kofia, akasema kwa adabu kabisa:

"Samahanini wazee, poleni na msiba. Tunaomba tu mtusogezee hiyo kamba."

Sikiliza vizuri, msomaji. Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, alisema pole. Lakini nyuma yake injini ilikuwa inanguruma, na injini haijui pole. Mtoto wa marehemu mwenyewe ndiye aliyeinuka kufungua kamba. Wanawake wakakunja mikeka. Bibi mmoja asiyejiweza akabebwa kwa mikono, akawekwa ukutani. Lori likapita taratibu, likatuachia moshi chini ya turubai. Kamba ikafungwa tena, mikeka ikatandikwa tena, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Halafu mzee mmoja akasema, kama anajisemea: "Zamani gari likikuta msiba linazimwa. Dereva anashuka, anatoa rambirambi, anageuza."

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nilikaa dirishani na daftari langu la riwaya, nikawa nachora kijiti kwa kila chombo cha moto kinachopita. Kabla ya adhuhuri ukurasa ulikuwa umejaa nikaacha. Ndipo nikaanza kusoma kwenye simu, kujua kama kuna watu wengine duniani waliopatwa na jambo hili.

Wapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kule San Francisco, Marekani, mtaalamu mmoja wa mipango miji aitwaye Donald Appleyard alichukua mitaa mitatu iliyofanana, tofauti yake ikiwa ni magari tu. Mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, mwingine kama 16,000. Akawauliza wakazi wana marafiki wangapi mtaani kwao. Penye magari machache mtu alikuwa na marafiki watatu kwa wastani. Penye magari mengi hakufikisha hata mmoja. Nilipoisoma habari hiyo nikaukumbuka ubao wa mlangoni kwa jirani. Mguu wa mtoto hospitali iliunga. Lakini wale wenzake aliokuwa akikimbia nao, nani atawaandikia cheti cha kuvunjika? Appleyard alitoa kitabu chake mwaka 1981, na mwaka uliofuata akagongwa na gari huko Athens, akafa.

Waholanzi nao walihangaika. Katika mji wa Delft, wakazi na wataalamu walianza kuwekea mitaa miti, mabenchi na kona za makusudi, hata dereva akashindwa kukimbia apende asipende. Mwaka 1976 sheria yao ikakubali mitaa ya namna hiyo, ambamo gari huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, likiwa kama mgeni. Mgeni! Nilitabasamu peke yangu. Na hapa hapa kwetu, Dar es Salaam, shirika la Amend limekuwa likijenga njia za miguu na matuta karibu na shule za msingi, na mwaka 2019 mradi wao huo wa SARSAI ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, ile ya WRI Ross. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba haya ni ya Wazungu.

Halafu nikapiga hesabu, mimi ambaye hesabu na mimi hatukuachana kwa heri shuleni. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Mtaa wetu toka ukuta hadi ukuta hauzidi mita saba. Mtoto anayefuata mpira anafika katikati kabla hujamaliza kusema "angalia!" Na dereva anaokoa nini? Tuseme dakika tatu. Kwa dakika tatu, sufuria ya chai kwenye jiko la mkaa haijaanza hata kuimba.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha mkutano chini ya mwembe. Nilikwenda nikidhani wote tuna neno moja. Wapi! Vijana wa kijiweni walitaka tuchimbe mtaro usiku, tuweke na magogo, tuone nani atapita. Mama mwenye genge akasimama, khanga kiunoni:

"Mkifunga mtaa nyanya zangu nitamuuzia nani? Nyinyi mnanunua mbili mbili, tena kwa mkopo. Dereva wa Mahenge anachukua ndoo nzima."

Kaka'ngu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni bodaboda na ndiye aliyenilipia ada kidato cha tatu na cha nne, akanigeukia mbele ya watu.

"We dogo, nasikia unataka tufunge. Unaniandikia njaa? Abiria akisema ana haraka nimzungushe mji mzima, mafuta nani ananirudishia?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Mwenyekiti akaeleza kwamba mtu haamki tu na jembe akachimba barabara ya umma, ni kosa, na vilevile usiku mama mwenye uchungu wa kuzaa atapita wapi? Akaeleza kwamba barabara kuu ziko chini ya TANROADS tangu mwaka 2000, na za mitaani kama yetu zina TARURA tangu 2017, kwa hiyo tukiomba tuombe kwa maandishi, kwa utaratibu. Bibi wa ufito na kuku, yule yule aliyebebwa usiku wa msiba, akaomba kusema. Wote tukanyamaza.

"Mimi sitaki mtaa ufungwe, wanangu. Mtaa uliofungwa hata jeneza halipiti. Nataka anayepita ajue humu mna watu."

Kaka'ngu aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akasema, safari hii polepole: "Basi andika waende pole. Usiandike wasipite."

Na nani aandike? Vidole vyote vikanielekea mimi. "Si huyu mwandishi wetu! Kila siku yuko dirishani na daftari, hata hatujui anaandika nini. Leo atufae."

Nimeandika barua hiyo usiku tatu. Katika riwaya yangu dereva wa lori angekuwa na kovu shavuni na jino la dhahabu, na mwisho angepata alichostahili. Kwenye barua hapakuwa na nafasi yake. Dereva yule anamuwahi tajiri, tajiri anaiwahi bei ya mchele, na mchele wenyewe amelima mjomba wangu Lupiro, na kwa fedha hiyo anasomesha. Lori lile lililotukunjisha mikeka msibani huenda lilibeba karo ya binamu zangu. Ndiyo maana barua haikumlaani mtu. Iliomba mambo matatu. Kwanza, matuta mawili ya kipimo, yaliyojengwa na wenye kazi yao, yasiyovunja baiskeli wala mgongo wa mjamzito. Pili, kibao kinachozuia malori ya mizigo, isipokuwa yanayoshusha au kupakia humu humu mtaani. Tatu, siku ya msiba, serikali ya mtaa iruhusiwe kuweka alama pande zote mbili za mtaa, magari yazunguke mpaka matanga yaanuliwe.

Niliisoma kwa sauti chini ya mwembe. Riwaya yangu haijachapwa mahali popote, ila kazi yangu ya kwanza kusomwa hadharani ni hiyo, karatasi mbili za mistari. Mama wa genge aliuliza kama neno "kufunga" limo. Nikamwambia halimo. Akatia sahihi. Kaka'ngu akaichukua, akaenda nayo kijiweni kwao, akarudi na sahihi za wenzake, nyingine zina alama ya grisi. Mama wa yule mtoto alisaini, kisha akaomba mwanawe naye aandike jina lake. Aliandika kwa herufi kubwa, zinapanda kama zinakwenda Mahenge.

Barua ina wiki tatu tangu ipelekwe, na matuta bado. Ila bodaboda wa kijiwe cha kaka'ngu wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe: ukiingia mtaani, gia ya pili, na anayekiuka anawanunulia wenzake chai. Malori yanaendelea kupita. Tena tujiandae, kwa maana serikali ina mpango wa kuipeleka lami mbele, Lupiro, Malinyi, Londo hadi Songea. Siku hiyo ikifika nitashangilia kama nilivyoshangilia daraja. Lakini ningependa ifike matuta yetu yakiwa yamekwisha kauka.

Nawe msomaji mwenzangu unayejifunza kuandika, unayesubiri kisa kikubwa kije kukugongea, chungulia mtaani kwako. Huenda wenzako wana neno ambalo hawajapata wa kuwaandikia. Siyo lazima liwe riwaya.

Na ukipata nauli, njoo Ifakara. Lami ipo, daraja lipo, wali wa mpunga mpya upo, na kambale wa mtoni hawajaisha. Ukifika mwanzo wa mtaa wetu punguza mwendo, teremsha kioo, piga hodi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji bado hajapona, lakini "karibu" utaisikia.